Dirisha la Ghorofa ya Tatu: Kumuaga Mama Shaba

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mchoraji wetu wa mabamba ya shaba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Karakana nzima humwita Mama Shaba. Mimi, kwa kutegemea upara wangu, nimejipa haki ya kumwita dada.

Alifika mjini hapa kutoka nchi nyingine akiwa na sanduku moja, sindano zake za kuchorea, na maneno kama ishirini ya lugha yetu. Alipanga chumba ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara kutoka karakana, kwa mjane mmoja aliyemwongezea maneno mengine, mengi yakiwa hayafai kutamkwa ofisini. Huyatamka ofisini.

Kila mwaka karakana hutoa picha ya barabara yetu, na kwa miaka yote hiyo Mama Shaba ametumia bamba lile lile. Hulipaka nta, huchora kwa sindano, tindikali ikala mistari, wino ukajaa humo, mashine ikakandamiza karatasi. Jengo likibomolewa, hulikwangua na kuchora jipya mahali pake. Ndiyo maana ukitazama vizuri utaona duka la kinyozi likififia chini ya benki, na soko chini ya maegesho ya magari. Waliohamishwa wamekuja zaidi ya mara moja kuomba nakala ya mwaka fulani, wawaonyeshe watoto mlango wao ulikuwa wapi.

Miaka kumi na moja iliyopita, mjane akiwa ameshafariki, nyumba yake nayo ilibomolewa, pakasimama jengo la vioo. Mama Shaba aliikwangua yote isipokuwa dirisha moja la mbao. Picha ikatoka hivyo: vioo vitupu, na katikati yake, ghorofa ya tatu, dirisha lile. Mkuu wa wakati huo alitaka liondolewe. Mama Shaba akasema sikio la upande huo halisikii vizuri.

Hapo nikajitia kimbelembele mimi, karani ambaye hata kwa rula mstari hunipinda. Nilingoja atoke kwenda kula, nikaweka picha mbele yangu, nikakwangua kwenye bamba dirisha la mbao la ghorofa ya tatu, upande wa kulia. Sasa, bamba huchorwa kinyume, kulia kuwa kushoto, ili picha itoke sawa. Jambo ambalo nilikuwa nikiwaeleza wageni kila wiki. Nililofuta lilikuwa dirisha la karakana yetu wenyewe, nalo la mbao, nalo ghorofa ya tatu. La mjane sikuligusa.

Nilijiandaa kwa yale maneno ya mjane. Badala yake alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Kaka," akaniambia, "mimi nilibomolewa na tingatinga. Wewe umejibomolea kwa mkono wako." Mkuu aliona haya kulitaja tena suala hilo, na tangu siku ile, kwenye picha, sisi hatuna dirisha.

Kwa muda mrefu Mama Shaba amekuwa akisema kwamba mwaka wake wa mwisho atamchora mjane akichungulia dirishani. Lakini shaba nayo huchoka. Mwezi uliopita alilipima bamba, akatuambia limekonda mno: litavumilia tindikali mara moja tu, tena mahali pamoja. Hatukuuliza ni wapi. Msafishaji wetu hata alihangaika akampata mpwa wa mjane, akaleta picha ya uso wa marehemu.

Jumatatu alijifungia ndani. Jumatano alitoa nakala ya kwanza, wino haujakauka. Dirisha la mjane liko vile vile, limefungwa. La karakana limerudi, liko wazi, na ndani yake amesimama mtu mwenye upara, ameshika kikwanguo kilichopinduliwa juu chini.

Nilimuuliza kwa nini hakumchora mama wa watu. Alinijibu huku akinawa mikono kwamba mama yule angekuwepo, angesema waliobomolewa ndio wapewe chumba kwanza.

Dada, asante kwa chumba. Tunakutakia afya njema, macho makali, na Jumatatu nyingi zisizo na wino kuchani. Ukipita barabarani, tazama juu, tutakuwa dirishani. Na la mjane usilihofie. Kikwanguo kimefungiwa kabatini, na ufunguo wamekataa katakata kunipa mimi.