Majani ya Kiwanda cha Ngozi

Ngozi zilipoondoka, sumu ilibaki chini,
Majani yakachipuka: mbuzi asile kwa nini?

Kiangazi cha mwaka wa themanini na nne kilimwachia Tadicha mbuzi mmoja kati ya arobaini, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa chai ya Kabale, mkewe, aliyejifungua juzi. Mtaa mzima wa Wabera, mjini Isiolo, ulikuwa vumbi. Palipobaki kijani ni mahali pamoja tu: ndani ya waya wa kiwanda cha ngozi kilichofungwa, ambako Mugure, mtaalamu wa serikali, alifukia mashimo ya dawa za kulainishia ngozi, akainua vilima vya udongo vilivyopinda, akapanda matete yavute sumu. Kibao kilikataza mifugo kwa miaka mitano. Miwili ilikuwa bado. Tadicha akaja na mbuzi wake hadi benchi ya Hawo, muuza kahawa, ng'ambo ya waya huo. Alitaka mtu amwambie aingie.

— Ingia, mzee! — alisema Duale, dereva mstaafu aliyeitwa Redio. — Mwaka ya kiangazi inahesabiwa mara mbili. Hiyo tano imeisha.

— Na sumu?

— Matete imenyonya, jua imekausha, upepo imepeleka Ngaremara.

— Ngaremara kuna shemeji yangu.

— Haba na haba hujaza kibaba. Kila mtu atapata kidogo tu.

Githinji mwenye duka, yaani Bei Moja, alitikisa kichwa.

— Wacha uongo, Redio. Ile dawa ilitoka Ulaya, mimi niliona mapipa. Matete ni ya hapa Isiolo. Hawajuani. Itapandaje kwa jani haijui?

— Kwa hivyo iko chini bado? — Tadicha aliuliza.

— Iko, lakini imepotea. Unaona vile mama Mugure alipinda vilima? Sumu inatembea nyoofu tu. Ikifika kona, kwisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Tadicha alikwishaushika waya, tayari kuuinua, alipofika Marete, karani aliyehamishiwa mjini jana yake. Akasalimu, akapewa kikombe, akasimuliwa habari yote, akasikiliza mpaka mwisho.

— Habari nimeelewa, — alisema. — Na maziwa ya mbuzi akishakula humo, kati yenu nani ataonja kwanza?

Redio alikumbuka sala, ingawa adhana ilikuwa bado. Bei Moja alikumbuka duka. Marete akamaliza kahawa yake, akashukuru, akaenda kazini. Hawo aliinamisha birika, halikutoa kitu.

Wakabaki wawili wamesimama, Tadicha na mbuzi wake, upande wa nje wa waya.