Sifa za Daktari

Fundi viatu alijifanya anatazama nje ya basi, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele.

"Mimi wali siuachi, mama," dereva mstaafu alijigamba. "Siku tatu kabla ya kliniki nakula majani tu. Sukari inashuka, daktari ananisifu, nikirudi nafakamia sahani mbili."

"Si ule kidogo kidogo, kila siku?" akauliza mama aliyepakata mfuko.

"Kidogo ni cha mgonjwa!"

Fundi akacheka kimoyomoyo. Ujanja huo hata yeye alikuwa nao.

"Mume wangu naye alisifiwa hivyo hivyo," mama akasema. "Leo namtoa wodini."

Basi likasimama hospitalini. Mama alipoinuka, mfuko ukaachama. Fundi akaona shati, kitana, na kiatu kimoja tu, cha kushoto, kimepigwa rangi kikang'aa.