Zamu Moja ya Mungu

Usingizi ulikuwa umeshaanza kuninyemelea treni ilipokolea mwendo. Mbele yangu, dada anayetunga michezo ya kompyuta alikuwa akimweleza mkunga mstaafu aliyekutana naye hapo kitini: “Mchezaji ndiye mungu, mama. Zamu yake moja ni mwaka mzima kwa watu wake.”

“Mwaka? Mwenye uchungu akimwita, si atafika mtoto keshaota meno!”

“Nikiweka siku moja, mchezaji atachoka kungoja mavuno.”

“Na achoke! Mbona mimi nilikuwa nakesha na wenye uchungu?”

Nikafumbua jicho moja, maana mungu mvivu hasikiki kila siku.

“Na huyo mungu wako akienda kula je?” mkunga akauliza.

“Dunia inasimama, mama. Wenyewe hawajui.”

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya mashamba. Feni ikanyamaza. Nje, hata majani hayakutikisika. Mkunga akatazama juu, akanong’ona: “Kaenda kula.”