Barua ya Mbunge Haikutosha

Asubuhi baada ya kura za mchujo za chama, Yesenia, mhudumu wa wagonjwa, alikaa kwenye basi la Bronx, jijini New York, kando ya mzee aliyevaa beji ya mbunge aliyeshindwa.

"Miaka ishirini na nne ametutumikia, mkamwangusha kwa ajili ya kimwalimu cha juzi," mzee alinung'unika.

"Mzee wangu, majira ya baridi yaliyopita mitambo ya kupasha joto jengo letu ilikufa wiki tatu. Mbunge alituletea barua. Mwalimu alipanda mpaka ghorofa ya tano, akakaa na mama yangu, wote wawili wamevaa makoti humo ndani."

"Barua ile niliiandika mimi, binti, nikiwa karani ofisini kwake," mzee alisema taratibu. "Nilidhani inatosha."

Yesenia alimwonea huruma, lakini hakulegea. "Haikutosha. Na huyu mwalimu naye akitusahau, tutamng'oa vilevile."

Basi likasimama kituoni kwake, akashuka.