Boga la Baba Lisilo na Sukari

Benchi letu liko pale barabara inapokata kona kuingia San Telmo, Oaxaca, na watu hukaa hapo kwa ajili ya kahawa ya mdalasini ninayopika kwenye chungu. Asubuhi ile ya tarehe mosi Novemba maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Saa sita mchana, kama kila mwaka siku hiyo, marehemu wetu wangeingia majumbani kula. Lorna, mama wa Kikanada anayesafiri na mbwa wawili katika gari lake la kulala, alikuwa amekaa chini, kichwa cha Hazel, yule mbwa mzee, mapajani mwake. Mkononi alishika kopo tupu la boga. Hazel anaumwa moyo, na dawa yake huimeza ndani ya boga lile tu. Makopo yalikuwa yamekwisha juzi. Daktari alishamwambia kwa simu: leo ikipita bila dawa, kesho hamwoni.

Skrubu, fundi wa matairi, alikuwa akiligeuzageuza kopo jingine tupu.

— Nimezunguka na pikipiki maduka yote yaliyo wazi. Pilipili za kopo zipo, samaki wapo. Boga hakuna.

— Wahenga walisema chema chajiuza, alijibu Wakili, ambaye sheria hakuisomea ila alifagia mahakama miaka kumi. — Basi yamejiuza yote.

— Kwa nani, we mzee? Nani hapa anakula boga la kopo?

— Watalii wenzake huyu mama. Wanatangulia, wananunua yote, wanayafukia njiani wayachimbue wakirudi. Mmoja nilimwona na koleo.

— Koleo la kujikwamua mchangani!

— Ndivyo alivyokudanganya.

— Mimi nasema kiwanda kinatia kitu, alisema Skrubu. — Mbwa akishazoea, chakula kingine hagusi. Mwone yule mdogo anavyolinusa kopo.

— Ana njaa tu, mjinga wewe!

Lorna aliinua uso.

— Tafadhali, ndugu zangu. Boga bichi je? Nitapika mwenyewe.

Mabichi yalikwisha sokoni tangu Jumatatu. Kila nyumba ilishapika lake kwa sukari guru, liko mezani kwa marehemu. Na sukari ingemharisha Hazel. Kwa hali ile asingeamka.

Nilimmiminia Lorna kahawa. Lisilo na sukari lilikuwepo, kwangu. Baba alifariki mwezi wa tatu kwa kisukari, kwa hiyo lake nililichemsha tupu. Huu ndio mwaka wake wa kwanza kurudi.

Skrubu alinitazama.

— Femia, la mzee ulitia sukari?

— Sikutia.

Wakili akaweka kikombe chini.

— Usithubutu, mwanangu! Cha marehemu hakiguswi mpaka ale na aondoke, kesho mchana. Mzee atoke huko kote akute sahani imeguswa? Hatarudi tena!

— Mbwa anakufa, Wakili, alisema Skrubu.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

— Jembe gani? Hata kusimama hawezi!

Skrubu alilowesha leso yake maji, akaikamulia taratibu kwenye ulimi wa Hazel. Lorna alinishika mguu.

— Hapana, dada. Ni la baba yako. Nimeelewa.

Huruma yake ilinichoma kuliko kama angeniomba.

Ndipo Krispina, muuza maua, aliposhuka kwenye lori na mzigo wa maua ya njano. Skrubu alimsimulia yote kwa pumzi moja. Krispina alitua mzigo.

— Kwani baba yako, mto wa wafu alivushwa na nani?

Wakili alivua kofia. Hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba ni mbwa anayengoja ukingoni kuwavusha wafu mgongoni.

Nilimpa Krispina mtoto wangu niliyembeba mgongoni, nikakimbia nyumbani. Baba nilimwachia kipande kikubwa, maana naye angefika na njaa. Kingine nilirudi nacho, nikakiponda kwa vidole, nikaizika dawa katikati. Hazel alinusa, akageuza uso. Kengele ya saa sita ikaanza kulia.

Wakili alipiga magoti kwenye vumbi, akamkinga jua kwa kofia yake.

— Kula, bibi, alimwambia polepole. — Na mimi siku moja nitafika pale mtoni.

Hazel alimtazama, akafungua mdomo.