Watu wa Kuja na Nyumba za Serikali

Kwenye basi la kupitia Chekereni, nyuma yangu alikaa mama wa Old Moshi aliyekuwa anashuka bondeni kutazama mpunga wake. Aliyekaa kando yake, Vedastus, mkata miwa kutoka Kigoma, alimwamkia shikamoo, kisha akamweleza kwamba ameomba nyumba ya kupanga ya serikali. Alitaka kumleta mkewe Juliana, kwani kwenye bweni la vibarua familia haziruhusiwi.

"Nyumba hizo ni za wenyeji, mwanangu," mama alisema, kwa upole wa mtu anayefunga mlango. "Watu wa kuja wapange mitaani."

"Sawa, mama. Na watoto wako, wapo hapa hapa?"

"Wapi! Calvin yuko Dar mwaka wa kumi. Amepata nyumba ya serikali, nzuri, maji mpaka jikoni."

"Kumbe Calvin ni Mzaramo, mwenyeji wa huko?"

Nilikohoa ili nisicheke. Mama alinitazama mimi kwanza, halafu dirisha. "Calvin ana mke na watoto," alisema hatimaye.

"Hata mimi, mama."

Basi likasimama Chekereni. Mama alishuka, akageukia dirishani. "Huyo Juliana, anajua kupika mtori wetu wa ndizi?"

"Apate jiko kwanza!"