Posa ya Bwana Meno

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Mita, fundi cherehani, na hapo ndipo mtaa unapohukumiwa kila asubuhi. Mahakimu ni watatu. Wa kwanza ni Mita mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda msalani. Wa pili ni Betri, ambaye kibanda cha jirani ni chake, anachaji betri na kujaza upepo. Wa tatu ni Wakili, ambaye sheria hajaisoma hata ukurasa mmoja, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa ukuta ulioanguka, na tangu siku ile hajarudi duniani. Kahawa anamimina Bi Birika, mama mtu mzima asiye na papara, ambaye husema yeye hasikilizi maneno ya watu na bado huyajua yote. Asubuhi hiyo kikombe cha kwanza kilikuwa bado cha moto, na shauri lilikuwa moja tu: Mita aikubali posa ya dada yake au aikatae.

Mshenga alikuwa anangoja jibu kabla ya adhuhuri. Baba yao alikwishatangulia mbele ya haki, na mdogo huyu wa kike Mita alimlea mwenyewe, kwa hiyo neno lilikuwa lake. Ila alikuwa anaogopa kulitoa. Mume wa kwanza wa dada yake, aliyemkubali alikuwa yeye huyu huyu Mita, tena kwa kicheko, maana jamaa alikuwa mcheshi, mtoa salamu, hapiti bila kumtania mtu. Siku moja dada alirudi kutoka kazini, maabara ya hospitali anakopima damu, akakuta mcheshi kasomba kila kitu mpaka mapazia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mita sasa alikuwa anashtuka hata na uzi wake mwenyewe.

Mposaji alikuwa yule mtengenezaji meno ya bandia wa nyuma ya hospitali. Kijiwe kilimwita Bwana Meno. Mpole, kazi anayo, hadai wala hadaiwi, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia, kwa sababu mtu asiye na kasoro hata moja lazima kuna mahali ameificha. Na mahali penyewe kila mtu alikuwa anapaona: lile gari. Jekundu, la viti viwili, la zamani kuliko Betri, limelala chini hata ukitaka kumsalimia dereva uiname kama unatafuta kifungo. Kila baada ya Jumamosi mbili alikuja nalo alfajiri, dada akaingia upande wa abiria, wakaondoka. Alasiri wakarudi wamejaa vumbi, gari linanuka kitu kilichoungua, na wao wanacheka. Mita akiuliza walikokuwa, dada alijibu neno moja: matembezi.

— Matembezi gani ya kumaliza tairi? Betri alianza. Mimi ndiye ninayemjazia upepo. Tairi za kushoto zimeliwa ukingo wa nje, za kulia hazijambo. Barabara ya kawaida haili hivyo. Huyo anauzunguka mlima.

— Mlima upi?

— Mlima wowote wenye mpaka nyuma yake.

Wakili alikohoa, maana hawezi kusema kabla ya kukohoa. Akaeleza kwamba Ijumaa iliyopita alipita kwa Bwana Meno, kwa bahati tu, akasimama pale langoni, kwa bahati tu, kiasi cha nusu saa. Akamwona bwana anatoa kila kitu ndani ya gari: tairi la akiba, jeki, mazulia ya miguuni, hata boksi la karatasi za kufutia mikono.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Wakili. Anapunguza kidogo kidogo, apate nafasi ya mzigo.

Bi Birika alitaka kujua kibaba kinajaaje kwa kutolewa vitu, lakini Wakili alikuwa ameshafika kwenye taa. Taa za mbele, alisema, zilikuwa zimebandikwa utepe wa gundi, msalaba kwa msalaba.

— Labda zimepasuka, mwanangu, Bi Birika alimwambia.

— Zote mbili kwa pamoja? Na Jumatatu utepe umebanduliwa na kioo ni kizima? Mama, taa inazibwa na mtu asiyetaka kuonekana.

— Asiyetaka kuonekana hanunui gari jekundu.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Huyo simba wako akipita hapa vikombe vyangu vinalia. Upole huo uko wapi?

Mita alicheka kidogo, kicheko cha mdomoni tu. Betri hakucheka kabisa. Alikuwa amekumbuka namba. Mlangoni mwa lile gari, siku za safari, hubandikwa saba kubwa nyeupe, na jioni haipo. Sasa yeye Betri si mtu wa maneno mengi, lakini anajiuliza swali la hesabu ya darasa la kwanza: kama huyu ni wa saba, wale sita wako wapi?

Benchi zima likawafikiria wale sita. Mawazo hayo yakazaa mengine. Betri akasema meno ya dhahabu, hakuna kingine: watu wanang'olewa huku, dhahabu inavuka kule, na ile harufu ya kuungua ndiyo ya kuyeyushia. Wakili akakubali, akaongeza kwamba kwa mujibu wa uzoefu wake, biashara ya namna hiyo haifanywi bila kivuli. Kivuli chenyewe ni mwanamke wa heshima, mwenye kitambulisho cha hospitali shingoni, akae kiti cha mbele ili askari wa njiani apige saluti badala ya kupekua.

— Sisemi kitu, Wakili alisema. Ila siku mambo yakifumuka, bwana atakimbia, na atakayekutwa kwenye kiti ni dada yetu. Kazi imekwenda, jina limekwenda, na safari hii hata mapazia hayatakuwa na pa kutundikwa.

Hilo lilimchoma Mita. Aliona kabisa dada yake amesimama kizimbani, na yeye nyuma na utepe wake shingoni, kaka aliyekosea mara mbili. Akaweka kikombe chini. Kulikuwa na jambo moja alilolificha wiki nzima, nalo lilikuwa linamla kuliko mlima na dhahabu.

Akawaambia kwamba Bwana Meno alimletea kazi. Ovaroli moja, pamba tupu, isiwe na nailoni hata kwenye uzi, mikono mirefu, zipu ya chuma. Vipimo alivitaja kwa mdomo, na Mita alipomuuliza ni vya nani, akasema vya rafiki. Haya, rafiki. Lakini Mita amekata nguo tangu ndevu hazijamwota, na mwili wa mtu anausoma kwenye tarakimu kama wengine wanavyousoma usoni. Kiuno kimeingia, nyonga zimetoka, mabega membamba.

— Ni mwanamke, alisema. Kaniletea mimi, kaka mtu, nimshonee mwanamke wake mwingine.

Hapo hata Bi Birika aliacha kumimina. Betri alishika kichwa. Wakili alisimama, kitu anachokifanya kwa nadra kwa sababu nafasi yake huchukuliwa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Kesi imekwisha.

Mita alichukua simu. Bi Birika alimwambia taratibu kwamba neno likitoka halirudi, amngoje dada atoke zamu amuulize. Mita akajibu kwamba alishamuuliza mara ngapi, na matembezi ndiyo majibu anayoyapata. Akampigia mshenga. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akashukuru kwa heshima waliyopewa, kisha akasema familia imekaa, imeona, na jibu ni hapana. Familia yenyewe ilikuwa Betri na Wakili. Mshenga, mtu mzima, hakubishana. Alisema amesikia, atafikisha.

Baada ya hapo kahawa haikuwa na ladha. Wakili aliendelea kumsifu Mita kwa msimamo. Wakati huo ndipo alipotokea mgeni, mwanamume wa makamo mwenye fulana ya kung'aa kama ya watu wa barabarani, jasho linamtoka, mkononi ana glavu mbili za ngozi, ndogo. Akatoa salamu, akapokea kikombe, akauliza kama hapo ndipo karibu na kwa yule mama wa gari jekundu, namba saba.

Benchi lilitazamana. Wakili akakohoa, akamwomba mgeni ajitambulishe kwanza. Mgeni hakuona ubaya. Siku za kazi anauza saruji, alisema, na Jumamosi anashika bendera kona ya tatu, kule kwenye uwanja wa magari nje ya mji. Wanakuja watu wa kawaida, mwalimu, mwenye duka, daktari, kila mtu na gari lake, wanalipa kiingilio na kuzunguka kwa zamu. Mshindi hakuna wala kikombe, ni kupenda tu. Glavu hizi zilisahauliwa ukutani, na yeye alikuwa na mzigo wa kupeleka upande huu.

— Na taa je, mbona zinazibwa? Wakili aliuliza kwa sauti ya mtego.

— Kioo kikivunjika kisimwagike njiani kikapasua tairi za wenzake.

— Na vitu kutolewa ndani?

— Chupa ikiviringika chini ya breki si umekwisha?

Betri aliuliza kuhusu tairi, na kuhusu wale sita, sauti imeshapungua. Mgeni akachora kwa kidole hewani: kona nyingi kule zinakata kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ndio unaobeba. Na magari yana namba kumi na kitu, wale sita wengine wazima, mmoja wao ni mchungaji.

— Basi huyu bwana anakwenda kasi sana, Mita alisema, ili naye aseme kitu.

— Bwana yupi?

— Mwenye gari.

— Yule haendeshi, mgeni alisema. Aliendesha zamani, sasa kazi yake kupima upepo na kushika saa. Na saa yenyewe haitazami. Mama akiikaribia kona yangu yeye anageukia ukuta, midomo inamcheza. Anayeendesha ni mama. Mwaka jana alikuja kama abiria, akatapika, akanawa uso, akaomba usukani. Sasa anaingia ile kona mpaka nasahau kwamba nina bendera mkononi.

Mgeni, kwa kuwa kahawa ilikuwa nzuri na watu walikuwa wanasikiliza, akaendelea. Kasoro ya mama ilikuwa nguo tu. Walimkataza blauzi za nailoni, kwa sababu moto ukitokea nailoni inagandia mwilini. Akasema wasijali, ovaroli inashonwa, na anayeshona ni kaka yake, na tangu azaliwe hajawahi kufumukiwa na mshono wa kaka yake.

Mita aliushika utepe wake. Alikuwa anajua mabega ya mtaa mzima, nani kanenepa na nani kapungua na kwa huzuni gani. Ila dada yake mwenyewe hakuwa amempima tangu arudi nyumbani kutoka kwenye ile ndoa. Alirudi amekonda, akaanza kununua nguo za madukani, kisha mwili ukamrudia kivingine, na yeye alikuwa akimwona kila siku pale nyumbani bila kumtazama.

— Ni mimi, alisema. Mimi ndiye kaka.

Mgeni alifurahi, akampa mkono, akampa na glavu. Kisha akawatazama wote watatu, na Bi Birika, bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

— Sasa kama ninyi ndio watu wake, mbona hakuwaambia?

Betri alitazama mashine yake ya kuchajia. Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta ule uanguke, kikohozi kilitoka peke yake. Bi Birika akapokea kikombe cha mgeni, akamshukuru, akamwonyesha njia ya kurudia, na mgeni akaondoka bila kujua alichokifanya.

Mita alimpigia mshenga haraka. Akaanza kueleza kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo. Mshenga alimkatisha kwa adabu. Neno lake, alisema, limeshafika kwa wote wawili. Bwana alilipokea, akashukuru, akarudi kwenye meno yake. Dada je? Dada alikuwa hapo hapo kwa bwana, alipita kumletea chakula baada ya zamu. Aliomba funguo tu.

Gari walilisikia kabla ya kuliona. Betri akakumbuka betri ya mteja. Wakili akakumbuka shauri fulani upande wa pili wa mtaa, akalifuata kwa miguu mirefu. Bi Birika alisema kahawa imekwisha, ingawa alipolinyanyua birika mkono wake ulishuka kwa uzito, akaenda nalo. Gari jekundu likakata kona ya mtaa bila kusitasita, mchana kweupe, dereva mmoja ndani yake, likasimama sawasawa na benchi.

Alishuka na koti lake jeupe la maabara. Akakaa pale alipokuwa amekaa Wakili. Akaziona glavu mapajani mwa kaka yake, hakuzigusa.

— Shikamoo, kaka, alisema. Nasikia nimekataa posa.